Ndama wa Aliyemfikisha Daktari

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu zilikuwepo na magari yalikuwepo, isipokuwa simu ilishika pale ilipotaka na gari lilifika pale lilipoweza, palikuwa na kijiji juu ya milima ya Upare kikiitwa Vungwe. Mnanisikia wote? Sogeeni basi. Nawaambia mapema kwamba mwisho wa hadithi hii mimi sina. Nitautaka kwenu.

Vungwe ni kijiji cha ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa huko hatembei kutafuta majani, majani ndiyo humfuata bandani kichwani kwa mwenyewe. Na watu wake, jamani, hakuna watu waungwana kama wale, ila wanapenda shauri. Mtu wa Vungwe ukimkanyaga kidole atakusamehe, lakini kwanza mtakaa kikao.

Tena wana tabia moja ambayo sijaiona kwingine. Mgeni akiwauliza njia, wanamwelekeza kwa vitu ambavyo havipo. "Nenda mpaka dukani kwa Kadeghe, halafu pinda." Kadeghe alishafunga duka, akafariki, na matofali ya duka yakabebwa kujengea choo cha shule. "Ukifika kwenye mkuyu, shika njia ya juu." Mkuyu wenyewe uliangushwa na upepo, nusu ya kijiji haijazaliwa. Si kwamba wanadanganya. Wao wanauona bado. Mgeni ndiye asiyeuona, na mgeni anapotea.

Katika kijiji hicho alikuwepo mjane mmoja, Nakijwa, ambaye majirani walimwita Mama Mbonea kwa jina la mwanawe mkubwa. Watoto wake walikuwa mijini. Yeye alibaki na ng'ombe mmoja wa kukamua, na ng'ombe huyo ndiye alikuwa ada, ndiye chumvi, ndiye mtu wa kuzungumza naye asubuhi. Siku ng'ombe aliposhikwa na uchungu na ndama akakwama, Nakijwa alipanda juu kwenye jiwe panaposhika simu, akampigia daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa Bulugu, Msukuma, mtu wa nchi tambarare, amehamishiwa milimani juzi tu. Aliendesha gari kuukuu la chama cha wafugaji, na kila kona ilimtoa jasho.

"Daktari mwanangu, njoo upesi," Nakijwa alimwambia. "Ukifika kwenye mkuyu, shika juu."

Daktari akaja. Akapanda, akatafuta mkuyu. Akashuka, akatafuta mkuyu. Akauliza watu, na kila aliyemuuliza akamwonyesha kwa kidole, "Pale mbele, kwenye mkuyu." Alipofika kwa Nakijwa ng'ombe alikuwa amekufa na ndama tumboni, na kando ya banda mtamba, mtoto wake wa uzao wa kwanza, alikuwa analia.

Daktari alisimama mlangoni, mkoba mkononi. "Mama," akasema, "huo mkuyu uko wapi?"

"Ulianguka," Nakijwa akasema.

"Ulianguka lini?"

"Mimi nilikuwa mtoto."

Daktari aligeuza ndoo ya maziwa, akaikalia, akalia mbele ya watu bila kujificha. Nakijwa hakumlaumu. Alijua kwamba maneno yaliyompoteza daktari yalitoka kinywani mwake, na jambo hilo lilimkaa kooni mwaka hata mwaka. Akamlea yule mtamba, akamwita Shangwe, na akawa hana mwingine.

Basi chama cha wafugaji kikakaa kikao. Kikao cha Vungwe mnakijua sasa. Wakasema, wakasema, mpaka wakakubaliana kwamba gari la daktari liwekewe kile kifaa cha kuonyesha njia, GPS, ambacho wenzao wa mjini wanabandika kwenye kioo cha mbele kikawaambia pinda hapa, nyoosha pale. Wakachanga. Michango ya watu wanaouza maziwa kwa kikombe mnaifahamu, haikuwa ya kujivunia. Ikabaki kuamua nani aende kununua, na hapo wote wakamtazama Namkunda.

Namkunda alikuwa fundi cherehani. Sifa yake ilikuwa moja: kitambaa hakuwahi kukinunua kwa uso. Alikigeuza, akakivuta, akakilowesha mate, akakikuna kwa kucha, ndipo akauliza bei. Wauza vitambaa walipomwona anakuja waliweka chai chini, wakijua kazi imefika.

Akashuka mjini, akaingia duka la vifaa vya magari. Kijana muuzaji akamtolea GPS kubwa, pana kama sinia, inang'aa.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Ina sinema ndani, ina muziki, inakuonyesha hata nyuma ya gari."

"Siendi kutazama sinema," Namkunda akasema. "Nionyeshe inapokosea."

Kijana akacheka. "Haikosei, mama."

"Kila kitu kina mahali kinapokosea, mwanangu. Zima mtandao wa simu yako."

Kijana akazima. Sinia ile ikaganda palepale, ramani ikawa ukungu. Akatoa ya pili, ya bei ya kati. Hiyo ikaandika subiri, ikaendelea kusubiri. Namkunda akaingiza mkono chini ya kaunta mwenyewe, akatoa kidogo kimoja kilichokuwa kwenye boksi lililochanika, toleo la zamani, kona imekwaruzika.

"Hicho kimepitwa, mama. Nakiuza kwa bei ya kuondoa tu."

"Kiwashe."

Kikawaka. Namkunda akakishika, akatoka nacho nje, muuzaji nyuma yake, wakazunguka soko zima la nyanya na mitumba. Mtandao umezimwa, na mshale ule mdogo unatembea nao bega kwa bega, kwa maana ramani yake iko tumboni mwake, na njia inaulizwa kwa setilaiti, haiulizwi kwa mnara wa simu. Namkunda akalowesha kidole kwa mate, akabonyeza. Vile vikubwa kidole chenye maji vilikikataa, hiki kilikuwa na vitufe vya kweli, kikaitika. Akauliza, "Mahali ambapo hakipajui, naweza kukifundisha?" Kijana akamwonyesha: simama mahali, bonyeza, andika jina, nacho hakisahau. Akachomoa waya. Kikaendelea kuwaka kwa betri yake ya ndani bila wasiwasi.

"Funga," Namkunda akasema. "Na boksi usinibadilishie, nataka hilohilo lililochanika, jipya lisije likanipandishia bei."

Mimi mwanamke kama huyo ningempa wizara.

Lakini Vungwe wenyewe walimpokeaje? Wakakitazama kifaa, wakatazamana. "Mbona kidogo hivi?" mmoja akauliza. "Hiki si redio iliyonyauka?" Namkunda akarudisha chenji mbele ya kikao, yote. Hata hivyo maneno yalibaki yanatambaa kisimani, kwamba fundi amenunua cha jalalani na pesa nyingine amekatia gauni. Namkunda aliyasikia. Aliumia, lakini hakuomba kikao. Kwa mtu wa Vungwe huo ni uvumilivu wa mitume.

Wakakibandika kiooni mwa gari. Wakakiwasha. Kikaonyesha barabara kuu ya kule bondeni, safi kabisa, na Vungwe yote kikaionyesha nyeupe. Hakuna njia, hakuna nyumba, hakuna kitu. Watu wakaguna. Namkunda akasema, "Nilisema kinafundishika. Sasa nani atakifundisha?"

Akasimama mwalimu wa kwaya, Senzota, mtu mwenye sauti nzito ya kutikisa madirisha. Yeye alikuwa amezoea kupita nyumba kwa nyumba kuwasaka waimbaji wanaokwepa mazoezi. "Nipeni mimi," akasema. "Wanaojificha wote nawajua wanakoishi."

Senzota akatembea. Alibeba kile kifaa kifuani kama mtoto mchanga, akapanda matuta, akashuka makorongo, mvua ikamnyeshea, jua likamwakia. Nyumba nyingi ziko juu ya mteremko ambako gari halifiki, kwa hiyo hakubonyeza mlangoni, alitafuta mahali ambapo gari linaweza kusimama salama na mtu akatembea kidogo. Kila mfugaji akaingia ndani ya kifaa kwa jina lake.

Ndipo likamjia wazo ambalo, nawaambia kweli, mtu mwenye shahada zake angelipita bila kuliona. Aliwaza, watu wetu hawatabadilika. Wataendelea kumwambia daktari mkuyu, dukani kwa Kadeghe, kwenye daraja la miti. Basi na viingie humo vilivyokufa, mahali palepale vilipokuwa. Daktari akiambiwa mkuyu, asiutafute barabarani, autafute kwenye kioo.

Akaanza kuwauliza wazee vitu vilivyotoweka vilisimama wapi. Duka lilikuwa rahisi. Mkuyu ulikuwa kesi. Nakijwa akamwonyesha mahali kwa uhakika wote. "Hapa, Mwalimu. Nilicheza chini yake." Bibi mmoja mzee, Nakiete, akapiga fimbo chini. "Muongo huyu mtoto. Ulikuwa kule chini, kabla ya kona."

"Bibi, mimi nilipanda matawi yake!"

"Na mimi niliolewa chini yake, nani anakumbuka zaidi?"

Majirani wakajaa, nusu huku, nusu kule. Mtu mwingine angemwamini Nakijwa, kwa kuwa njia ya kwake ndiyo iliyokuwa inatafutwa, akabonyeza, akaenda kula. Senzota akaazima jembe. Akachimba aliposema Nakijwa, akakuta udongo mtupu. Akashuka, akachimba aliposema Nakiete, na jembe likagonga mzizi mnene, mweusi, uliooza nusu. Akasimama juu ya mzizi, akabonyeza, akaandika: MKUYU. Nakijwa alifadhaika, akacheka, akamshika bibi mkono. Kazi yote hiyo ilimgharimu Senzota sauti. Homa ya mvua ilimshika, na Krismasi ile kwaya iliimba bila besi yake, naye amekaa benchi la nyuma akitikisa kichwa tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shauri linapozaliwa.

Mwaka uliofuata Shangwe akapata mimba, na siku yake ikafika mchana wa ukungu. Ukungu wa Vungwe mnausikia tu. Unanyoosha mkono, vidole huvioni. Shangwe akalala, akasukuma, miguu miwili ya mbele ikatoka na kichwa hakikuonekana. Nakijwa alijua. Alikuwa ameyaona hayohayo kwa mama yake Shangwe. Jirani akapanda jiweni kupiga simu, akarudi akisema, "Nimempata. Nimemwambia ukifika kwenye mkuyu shika juu," na Nakijwa akaziba uso kwa kanga.

Wakasubiri. Majirani walijaa mlangoni wakisikiliza gari, wasisikie. Shangwe akaanza kuacha kusukuma. Ndipo Nakijwa akaweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe wake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Atakayemfikisha daktari kwenye banda hili, ndama akitoka hai ni wake!"

Katika kijiji kile, neno lililosemwa mkono ukiwa mgongoni kwa ng'ombe halirudi. Ndivyo babu zao walivyoozesha na kurithisha, na hakuna aliyewahi kulivunja akabaki na heshima yake. Nakijwa alijua anachokisema. Shangwe hakuwa na mrithi, na ndama akiwa jike ndiye alikuwa kesho ya banda lile.

Na daktari je? Daktari Bulugu alikuwa kwenye mteremko, taa zimewashwa, mbele yake nyeupe, kushoto kwake genge la kutumbukia. Kitu pekee alichokiona duniani kilikuwa ule mshale mdogo kiooni. Gari likaruka shimo, waya wa umeme ukachomoka kwenye tundu la kuwashia sigara, na kifaa hakikuzimika. Akakibonyeza kwa kidole kilicholowa jasho, kikaitika. Kikaandika: MKUYU, PINDA JUU. Macho yake yakamwambia hapo hakuna njia, hapo ni hewa. Mtu wa nchi tambarare huyo, aliyekuwa akiogopa kona za mchana wa jua! Akafumba macho, akasema jina la mama yake, akazungusha usukani. Magurudumu yakakanyaga udongo mgumu. Mahali alipopaonyesha Nakijwa siku ile ya jembe, pale pa juu kidogo, ndipo genge lenyewe lilipoanzia.

Akaendelea. Kifaa kikasema nyoosha mpaka kwa Nakijwa. Daktari alikuwa amefungua kioo cha mlango, na masikioni mwake maji yakalia chini upande ambao hayakupaswa kulia. Akakanyaga breki. Kifaa kikasisitiza, nyoosha. Daktari akashuka, akapiga hatua huku akipapasa kwa fimbo, na fimbo ikakosa ardhi. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeila barabara nzima. Akavuta hendibreki, akaweka jiwe kwenye gurudumu, akachukua mkoba, akapanda kwa mikono kupitia migomba akifuata mlio wa ng'ombe.

Alifika bandani ametapakaa tope mpaka nywele. Hakusalimia. Akanawa, akapaka sabuni mkono mpaka begani, akalala chini, akakitafuta kichwa cha ndama kilichogeukia nyuma. Aliongea na Shangwe kwa Kisukuma muda wote. Kisha akakipata, akakigeuza, akavuta pamoja na pumzi za ng'ombe, na ndama akateleza nje, akalala, akapiga chafya.

Jike. Mwenye doa jeupe kwenye paji. Nakijwa alipiga magoti kwenye samadi, akamkumbatia daktari, akamkumbatia ndama, na wote watatu wakanuka vilevile.

Ndama akanyonya, akakua. Siku ya kumwachisha ziwa ikafika, nayo ndiyo siku ya kukabidhi. Kijiji kizima kikajaa uani kwa Nakijwa, maana mahali penye shauri Vungwe haibaki na mtu nyumbani. Hata jirani aliyepanda jiweni kupiga simu alisimama kudai, wakamzomea, akakaa. Mwenyekiti wa chama akasoma neno la Nakijwa kama lilivyosemwa: atakayemfikisha daktari kwenye banda hili. "Haya," akasema, "nani alimfikisha?"

Namkunda akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mimi. Gari lilikuwepo mwaka ule, daktari alikuwepo, na ng'ombe alikufa. Kilichokosekana ni hiki kidogo mlichokiita redio iliyonyauka. Ningewanunulieni lile sinia lenu, leo lingekuwa linawaonyesha sinema mnamzika Shangwe. Nilichagua kisichohitaji mnara, kwa sababu huku mnara hakuna. Waya ulichomoka, kikawaka kwa betri yake. Kidole kililowa, kikaitika. Hayo yote niliyajaribu sokoni kabla ya kutoa senti, huku nyie mkiwa mmelala. Na mlinilipa nini? Mlinisengenya kisimani. Nimechoka kunyamaza, shoga yangu Mama Mbonea. Nipe ndama wangu."

Watu wakainamisha nyuso. Ilikuwa kweli.

Senzota akasimama, sauti bado inakwaruza.

"Dada Namkunda amesema vizuri, na mimi namheshimu. Lakini alileta kifaa cheupe. Ulikiona mwenyewe, Mwenyekiti, Vungwe yote nyeupe! Kifaa kisichojua njia ni kioo cha kujitazamia. Mimi ndiye niliyekijaza. Kila nyumba, kila njia, hata miti iliyooza nimeiweka humo. Mkuyu ule ningeubonyeza pale aliponionyesha mwenye ndama mwenyewe, daktari leo angekuwa marehemu, na sisi tungekuwa tunachanga sanda. Nilichimba. Homa nikaipata, sauti nikaipoteza, na Mungu anajua kama itarudi. Mama Mbonea, aliyemfikisha daktari ni aliyemwonyesha mahali pa kupinda."

Watu wakaguna kwa kukubali. Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Daktari Bulugu hakutaka kusimama. Wakamsimamisha.

"Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi nalipwa mshahara, na kwa kutibu sidai kitu. Lakini mmeuliza nani alifikisha, siyo nani alitibu. Kifaa kilisema pinda, lakini hakina mikono. Mikono iliyozungusha usukani kuelekea kwenye weupe ilikuwa hii. Tena kifaa hichohicho kilisema nyoosha. Ningenyoosha ningekuwa korongoni mimi na kifaa, tunasubiri kwaya. Nilikiamini palipofaa, nikakikatalia palipofaa, na kipande cha mwisho nilikipanda kwa magoti yangu. Kwetu usukumani mtu akifika kwa magoti tunasema amefika mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Na hiyo, jamani, nayo ilikuwa kweli.

Hapo kikao kikawaka. "Namkunda alitumwa na chama, alinunua kwa michango yetu!" "Na Senzota naye hakuombwa kuimba, aliomba mwenyewe kazi!" "Daktari angekataa kuja angefukuzwa!" "Aliyefukuzwa kazi anapata nyingine, aliyeanguka gengeni je?" Kila hoja iliyosimama ilipata ya kuikalisha.

Nakijwa alikuwa amekaa karibu na banda, kamba ya ndama mkononi. Aliwatazama wote watatu, na moyo ulimjaa. Mwaka ule mbaya alijiona mjane asiye na mtu. Sasa aliona kwamba kuna mtu aliyezunguka soko na kidole chenye mate kwa ajili ya ng'ombe asiye wake, na mtu aliyechimba udongo bila kumwamini yeye, ili daktari asipotee tena, na mtu wa mbali aliyeufumbia macho uoga wake. Aliwapenda kama mtu anavyopenda ndugu wa tumbo moja. Angekuwa na ndama watatu angewagawia asiulize. Alikuwa na mmoja, na neno lake lilikuwa la mtu mmoja.

Akasimama.

"Nina swali moja tu," akasema. "Kila mmoja amejisemea. Sasa kila mmoja aniambie: kama si wewe, ungempa nani? Namkunda, anza."

Namkunda alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Kisha akaishusha. "Ningempa Mwalimu," akasema. "Mimi nilizunguka soko, nikanywa soda nikapanda gari nikarudi. Yeye alizunguka mlima."

"Mwalimu?"

Senzota akakohoa. "Ningempa Daktari. Mimi nilikuwa nabonyeza mchana kweupe, nimesimama juu ya mzizi. Yeye aliuamini mzizi asiouona."

"Daktari mwanangu?"

Daktari akamgeukia fundi. "Ningempa Mama Namkunda," akasema. "Mimi mmenipigia makofi sasa hivi, Mwalimu mlimwombea kanisani alipougua. Yeye peke yake alifanya wema akaitwa mwizi, na bado kifaa alikipangusa vumbi kila alipokuta gari langu limesimama."

Namkunda akageuka kando, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Hakuna aliyecheka, na kwa Vungwe hilo ni jambo kubwa.

Nakijwa akavuta kamba, ndama mwenye doa akatoka bandani, akasimama katikati ya uwanja, hajui kinachozungumzwa. Shangwe akamlilia kutoka ndani. Nakijwa akatazama kushoto, kulia na mbele, mkono wenye kamba ameunyoosha, na wale watatu wamesimama mbele yake, hakuna aliyeinua mkono kuipokea.

Mimi naishia hapo. Nilikuwepo, nikayasikia yote, na mpaka leo kichwa changu hakijatulia. Basi nanyi mliokaa mkinisikiliza, msinitazame mimi. Yule mjane amesimama, kamba mkononi, na neno lake haliwezi kurudi.

Je, kwa haki yenu nyinyi, nani alimfikisha daktari, na kamba ile mngemshikisha nani?